Sahani ya Chini ya Sinki

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Wiki nne zimebaki. Tasnifu itafika chuoni tarehe 8 Septemba, ije mvua lije jua. Siombi kuongezewa hata siku moja.

Dkt. Sunita, msimamizi wangu, kanirudishia sura ya pili. Pembeni kaandika swali lile lile mara tisa kwa penseli: nani aliona? Nimeandika kwamba Waslavi wa pwani ya Baltiki walikuwa wakimchinjia sanamu lao Mkristo mmoja kila mwaka—nani aliona? Kwamba viapo vyao havikuwa na thamani—nani? Nilikasirika! Walioandika ni mapadri wa Kijerumani, karne ya kumi na mbili, mimi nimeyanukuu tu.

Kwenye basi hasira ikashuka. Mama wa watu ana haki. Padri wangu (nimekaa naye mwaka mzima, sasa namwita wangu) hakuingia kila hekalu analolieleza. Anasema imesikika. Anasema kila mtu anajua. Mwenzake anachota kwake, wa tatu anatia chumvi, na baada ya miaka mia Waslavi wote wameshakuwa washenzi wanaokunywa damu. Na kabla ya kubatizwa wao wenyewe hawakuacha mstari hata mmoja wa kujibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sura nzima naiandika upya. Shangazi kaniletea chai, kasema macho yangu yamekuwa ya bundi. Chai yake siku hizi inanukia marashi ya waridi, sijui ndiyo mtindo gani.

Jumanne, 12 Agosti

Maalim Haidari kapiga simu asubuhi, sauti juu. Yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wazanzibari hapa Birmingham, na ndiye aliyeanzisha madrasa ya Jumamosi pale ukumbini Handsworth. Mimi ni katibu. Nilichaguliwa kwa sababu nasoma chuo kikuu, yaani najua kuandika barua.

Habari yenyewe: Arnold, mzee anayetunza ukumbi, kakuta sahani chini ya sinki jikoni. Imefungwa kitambaa, imechorwa alama kwa damu, inanuka. Kawaandikia wadhamini wa ukumbi, na Maalim kapelekewa nakala.

Sisi tunatumia ukumbi Jumamosi mpaka saa kumi. Baada yetu wanaingia Wakongo, ushirika wa Pasta Héritier, na ngoma zao na magitaa. Sisi damu hatuna habari nayo, alisema Maalim. Basi nani? Tena wadhamini wanakutana tarehe 30 kugawa upya siku za Jumamosi, na watoto wetu wamefika themanini, wengine wanasomea kwenye ngazi. Hilo kweli, nimewaona. Wakiondoka Wakongo, tunapata mpaka jioni.

“Andika, Shemsa,” alisema. “Andika kisomi, waone.”

Nimeandika. Imenichukua saa moja na nusu: kurasa mbili, Kiingereza cha kunyooka. Nimetaja kelele, harufu ya vyakula vyao, na kwamba kwa muda mrefu imejulikana miongoni mwa wazazi kuwa yapo mambo ya kichawi yanayofanyika pale jioni. Sentensi ya mwisho nimeisoma kwa sauti peke yangu jikoni. Nzuri!

Alhamisi, 14 Agosti

Wadhamini wamejibu. Wakongo wamesimamishwa mpaka kikao cha tarehe 30. Maalim kanitumia dua ndefu kwa sauti. Nilifurahi—naandika hapa kwa kuwa hapa sina wa kumdanganya. Nilifurahi, nikajinunulia viatu Ladypool Road.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku mbaya.

Saa kumi watoto wanatoka, Pasta Héritier huyo mlangoni na bahasha mkononi. Ni mtu mrefu, mpole, kutoka Bukavu, kazi yake kupanga mizigo ghalani. Huwa tunasalimiana tu. Leo kanifuata mimi, katika watu wote.

“Dada, unisaidie. Kiswahili tunaelewana, Kifaransa niko nacho. Lakini hii Kingereza ya barua inanishindaka. Unisomee.”

Ilikuwa barua ya wadhamini. Ndani yake, ndani ya alama za kunukuu, maneno yangu. Nikamsomea! Nimesimama pale kwenye viatu vipya, namfasiria Mkongo nilivyomwandika mwenyewe. Kelele, akatikisa kichwa. Vyakula, akacheka kidogo. Nilipofika kwenye uchawi, alikaa chini kwenye kiti cha mtoto, magoti yakafika kifuani.

“Kwetu ile neno inafukuzaka mutu mu nyumba yake,” alisema. “Hata mutoto. Nilishaona kwa macho. Sasa banani walisema hivi?”

Nikasema: wadhamini. Uongo mtupu, na nilimtazama usoni nikiusema.

Aliniombea baraka kwa kumsaidia. Nimerudi nyumbani Sparkbrook kwa mabasi mawili bila kukumbuka nilibadilisha wapi.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikufanya lolote jana. Leo nimejilazimisha kukaa.

Sura ya pili: nimechukua kalamu ya manjano, napaka kila mahali ambapo padri wangu anasema jambo ambalo hakuliona. Imesikika, manjano. Yajulikana kwa wote, manjano. Kurasa zimekuwa kama wali wa bizari. Na kuna mahali pamoja ambapo sikupaka rangi, kwa sababu padri alikuwepo mwenyewe: mkuu mmoja wa Waslavi alimkaribisha yeye na askofu wake nyumbani, meza ikajaa vyakula. Padri anakiri kwamba kwa ukarimu hakuna watu kama wale. Alikula, akashiba. Halafu akarudi kuandika kwamba ni watu wakatili kwa asili yao, na kwamba wakikosa cha kumpa mgeni huenda wakaiba! Hata wema wao kautafutia doa.

Nikaifungua barua yangu. Sikutaka, mkono ulikwenda wenyewe. Kalamu ile ile.

Mstari mmoja tu haukupakwa, wa anwani.

Na nimekumbuka siku ya Idi. Wakongo walituachia beseni la mandazi, yale yao madogo ya mviringo, na kikaratasi “kwa batoto”. Maalim hakuwa na hakika na mafuta, tukayatupa. Mimi nilikula manne kabla hayajatupwa. Yalikuwa matamu, kisha nikaja kuandika “harufu ya vyakula vyao”. Nimejionea haya mpaka masikio yakawaka moto.

Sahani yenyewe sijaiona. Maalim hajaiona. Wadhamini hawajaiona. Kesho naenda kuiona, hata ikiwa na kichwa cha mtu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeiona.

Arnold kaihifadhi kabatini kwake ndani ya mfuko wa mkate, anaishika kwa glavu. Mzee wa watu aliogopa kweli, wala si mtu mbaya. Akaifungua mezani.

Sahani nyeupe ya kaure, mstari wa buluu ukingoni. Alama zile za damu—ni zafarani! Zafarani iliyokauka ikageuka rangi ya kutu. Na alama ni herufi. Ayatul Kursi, mwanzo mpaka mwisho, kwa mwandiko wa kizamani wenye mikia mirefu. Harufu ni marashi ya waridi.

Kombe. Kombe la kwetu! Linaandikwa aya kwa zafarani, linakaushwa, linaoshwa kwa maji na marashi, mwenye shida anakunywa. Nimelinywa utotoni kwa homa, kwa mtihani wa darasa la saba, kwa jino. Hakuna Mkongo duniani aliyeliandika hili.

Nikaigeuza. Nyuma, ukingoni, pamemeguka kidogo kama ukucha. Nilipamegua mimi mwaka juzi, kwenye bomba la jikoni kwetu. Tulikuwa na sahani sita za namna hii, na tangu mwezi huu nahesabu tano.

Arnold akauliza najua ni nini. Nikasema nitamjibu.

Jumatano, 20 Agosti

Shangazi Nasreen alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia: Shangazi, sahani ya sita nimeiona. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, punje kwa punje, mpaka sinia likabaki safi.

Kisha akasema yote. Kombe hunywewa siku tatu. Nyumbani hawezi kuandika, mimi na kompyuta yangu tumeiteka meza ya jikoni tangu Juni, na anajua nitamcheka. Basi Jumamosi tarehe 9 alikwenda ukumbini mapema kupika chakula cha watoto, akaandika pale kwa utulivu. Moja aliosha siku ile ile, akalileta kwa chupa, akanitilia kwenye chai. La pili alilificha likauke. Arnold akalipata.

“Nilikuandikia wewe, mwanangu. Ufaulu hayo masomo yako ya makafiri.”

Nilicheka, halafu nikalia. Yeye hakulia. Alisema mwandiko ule kafundishwa na baba yake, babu yangu mie, na kwamba hajutii hata herufi moja. Anachokiogopa ni Maalim. Maalim kila siku anasema makombe na hirizi tumeyaacha Unguja, mwenye kufanya hayo hafundishi watoto wa watu. Na Shangazi darasa la alif-be ndiyo maisha yake. Miaka kumi na moja! Vitoto vinamkimbilia mlangoni kabla hata hajavua koti.

“Usinitaje, Shemsa. Nikikosa darasa lile, nitakaa na nani humu ndani mchana kutwa?”

Nikamwambia Wakongo nao hawana pa kusali. Akalisogeza sinia pembeni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hilo nalo halimpi usingizi.

Usiku umekuwa wa kila mtu na chumba chake. Nimeshawaandikia wadhamini: naiondoa barua yangu, kila nilichosema sikukiona. Nimebonyeza kabla sijaogopa.

Alhamisi, 21 Agosti

Jibu: asante, suala litajadiliwa tarehe 30, sahani bado inahitaji maelezo. Yaani barua imeondoka, tuhuma imebaki. Uchawi ukishaandikwa, haufutiki kwa imeili.

Kurasa nane za tasnifu leo. Sura imekubali kusimama.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekwenda kwa Maalim baada ya sala. Nikamwambia ni kombe, limetoka kwetu Wazanzibari, na mwenye nalo nimemjua. Jina sikutaja. Hakuuliza. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Nadhani alijua palepale. Wanaojua mwandiko ule hapa mjini ni wangapi?

Nilitegemea angefoka. Wapi! Aliongea taratibu, kama baba. Mwenye kumstiri mwenziwe, Mungu atamstiri. Hatusemi uongo, alisema, tunanyamaza tu. Wadhamini hawatajua tofauti ya aya na uganga, watatutoa sote, na watoto themanini watarudi kwenye simu zao. Hayo nayo nimeyapima, si maneno ya mjinga.

Lakini nikamwuliza: na Wakongo nani anawastiri?

Akasema Wakongo wana mji mzima.

Nikatoka. Mlangoni akaniita kunikumbusha kwamba katibu hasemi bila ruhusa ya mwenyekiti. Nikamwambia basi atafute katibu. Nikaenda mpaka Soho Road, nikanunua embe mbili za Kihindi, nikazila palepale kituoni, juisi mpaka viwikoni. Nilijisikia nafuu.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda Kingstanding, kwa Pasta Héritier. Nyumba zote zinafanana, nimegonga tatu kabla ya ya kwake. Ushirika mzima umo sebuleni kwa Héritier, watu ishirini na kitu, wengine kwenye ngazi. Hakuna ngoma, jirani hataki. Wanaimba kwa sauti ya chini, wamefunga madirisha kwenye joto hili.

Nilisubiri wamalize. Nikamwambia uani, tumesimama kati ya mapipa ya taka: barua niliandika mimi. Sahani ni ya nyumbani kwetu. Na Jumamosi ile nilikudanganya.

Alifunga kifuniko cha pipa moja. Halafu:

“Ni weye ulinisomea, na ni weye uliandika?”

“Ni mimi.”

“Na sauti haikukutetemeka.”

Nikajitolea kuwaandikia wadhamini barua nyingine, ya kuwatetea, kurasa tatu ikibidi. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga kichwani ndani ya basi, na nakiri ilikuwa nzuri. Akakataa kabla sijamaliza.

“Hapana, dada. Ulishaandika. Sasa nitasema mwenyewe, na kinywa yangu. Weye utatafsiri. Yote. Usipunguze, usiongeze.”

Nikakubali. Mkewe akanifungia mandazi kwenye karatasi. Sikujua niyapokee au nisiyapokee. Nimeyapokea, nimemkuta Shangazi mlangoni, tumeyala wawili.

Jumatano, 27 Agosti

Dkt. Sunita kasoma sura mpya. Kaandika pembeni mara moja tu: hapa umekuwa mkali kuliko kawaida, nini kimetokea? Sikumwambia. Nimemwambia nitamaliza kwa wakati, na nitamaliza.

Nimeamua la kusema Jumamosi. Nitasema kombe lilikuwa langu. Liliandikwa kwa ajili yangu, na mwenzake nimelinywa mimi. Hakuna uongo ndani yake hata chembe, na jina la Shangazi sitalitoa. Nimemwambia hivyo. Akaniuliza kama nimefaulu kulinywa bila kuhisi ladha, basi ni msomi wa nini. Mara ya kwanza tunacheka tangu wiki iliyopita.

Ijumaa, 29 Agosti

Sijaandika neno la tasnifu. Nimepiga pasi baibui mara mbili. Shangazi anasema naye atakuja, atakaa nyuma. Sikumwuliza kwa nini.

Jumamosi, 30 Agosti

Ukumbini. Mapumziko ya sala ya alasiri. Wanaume wetu wamo chumba cha nyuma, niko kwenye siku zangu, sina sala, basi naandika hapa kwenye kiti cha mwisho ukutani. Niandike haraka.

Wadhamini watano mezani mbele. Sahani iko mbele yao kwenye mfuko wake wa mkate. Kushoto sisi, kulia Wakongo, katikati njia tupu. Shangazi nyuma kabisa, kashika mkoba kwa mikono miwili.

Maalim aliongea kwanza. Kasema jumuiya yetu haina la kusema kuhusu sahani. Hakunitazama.

Kisha Héritier akasimama, nami nikasimama kando yake. Alisema pole pole, kipande kwa kipande, nami nikafasiri. Kwamba sahani si yao. Kwamba hata ingekuwa yao, mtu anaulizwa kwanza, halafu ndiyo anafukuzwa. Kwamba kuna mama katika ushirika wake aliyeitwa mchawi kule Bukavu akaja Birmingham kupumua, na wiki mbili hizi hatoki nyumbani. Nilifasiri hilo pia. Sikujua habari za huyo mama! Nilipokuwa naisifu sentensi yangu jikoni, sikujua.

Halafu akasema: “Na mutu aliandika hii barua, ni huyu anatafsiri.”

Akanisubiri. Ukumbi wote ukanisubiri. Nikafasiri. Kwa Kiingereza cha kunyooka: the person who wrote the letter is the one interpreting for me now. Mwenyekiti wa wadhamini, mama mmoja wa miwani, akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, na kuhusu sahani pia nina la kusema. Akaangalia saa, akasema baada ya mapumziko, lakini nitakuwa wa kwanza. Upande wetu mtu alisonya. Nimekaa, na nafsi imetulia kuliko siku zote hizi. Nitasema tu. Sina pa kurudi, na sipataki.

Chai imeletwa. Arnold anatafuta nafasi ya sinia la biskuti, meza imejaa makaratasi. Kachukua sahani, kaitoa kwenye mfuko, mfuko kautupa. Sahani kaiweka—chini! Sakafuni, kando ya mlango wa chumba cha nyuma, wanapopita watu.

Nilitaka kunyanyuka. Maalim kanitangulia.

Katoka kwenye sala na soksi zake, anazungumza na mtu, macho yakashuka. Akaacha neno katikati. Akainama kwa haraka mno kwa umri wake, kaiokota sahani kwa mikono miwili, kaifuta vumbi kwa kilemba chake, kilemba chenyewe! Midomo inamcheza. Anasoma. Na sasa anatafuta pa juu pa kuiweka, kaangalia dirisha, kaangalia kabati, kaipandisha juu ya kabati, kwa vidole, kama anayemlaza mtoto.

Kageuka. Ukumbi mzima umesimama na vikombe mkononi. Nyuma nasikia kiti kinasogea, Shangazi kasimama.

Mama wa miwani anamwuliza Maalim, kwa upole tu, kama anajua kilichoandikwa: sir, do you know what is written on it?

Maalim ananitazama mimi. Anangoja nimfasirie. Ameendesha mabasi ya mji huu miaka ishirini na sita, swali amelielewa neno kwa neno. Na Shangazi anapita katikati, kwenye njia tupu, mkoba begani, anakuja mbele. Naweka kalamu, nikasimame kando yake.